Mbu wa Bwana Dume

Bwera, karibu na soko
9 Novemba 2014

Kwa dada yangu mpendwa, Mama Jamira,

Assalam alaykum.

Kwa heshima zote zinazostahili, na kwa niaba ya nyumba hii nzima, yaani mimi, Jamira na kuku, napenda kutangaza rasmi kwamba kile chandarua cha buluu tulichogawiwa na serikali kimepandishwa cheo. Tangu mwezi wa tisa kinalinda vifaranga dhidi ya mwewe, nyuma ya jiko, na kazi hiyo kinaifanya kwa bidii ambayo sijapata kuiona kwa kitu chochote cha serikali. Najua huko kwenu Kasenyi vyandarua huvua samaki wadogo. Hapa vinachunga kuku. Kwa hiyo katika wilaya yote ya Kasese, ambaye hajapata kusumbuliwa na chandarua ni mbu peke yake.

Baada ya tangazo hilo nakusalimu sana. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya asubuhi ya ziwani? Na shemeji Siraje, bado anagombana na viboko, au sasa wamegawana ziwa kiungwana? Nilisikia mtumbwi wake ulipigwa dafrao na kiboko jike mwenye mtoto, nikasema alhamdulillah kwamba ni mtumbwi na si yeye, maana mtumbwi hutiwa kiraka. Sisi hapa tunapumua. Nimesema tunapumua, sikusema hatujambo. Utaona mbele.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Dada, simu ya shemeji naijua. Ikilia, huibonyeza ipaze sauti, na mwalo mzima husimama kusikiliza, mpaka wale wanaopara samaki. Habari hii sikutaka isikilizwe na watu wenye visu mkononi. Barua nimempa mchuuzi wa samaki anayerudi kwenu leo, na bahasha nimeifunga kwa gundi ninayotumia kwenye redio, ambayo haifunguki bila kuchana. Ukiiona imechanwa, ujue ni yeye, na ujue pia kwamba habari imekwisha kufika mwaloni kabla yako. Basi isome ukiwa umekaa.

Umeuliza, ukauliza tena, mbona watu wa Hajji Semakula wamenyamaza. Umenunua kitambaa cha busuti, gauni refu la sherehe, umekausha samaki wa karamu, Idi Kubwa imepita, na hakuna aliyekuja kusema nikaha ya Jamira na mwana wao Shafic ni lini. Kila ulipouliza nilikwambia barabara ni mbaya. Barabara ni mbaya kweli, lakini haijawahi kuwa nzuri, na watu wanaoana. Kilichoharibika ni neno moja, na neno hilo lilitoka mdomoni mwangu.

Ilikuwa mwezi wa nane, siku ya soko. Alikuja hapa mama mmoja wa afya kutoka Kampala, anaitwa daktari Sylivia, mwanamke mpole, viatu vyake vyeupe visivyojua matope ya Bwera. Alikuja na gari, spika, na sanduku jeupe lenye mfuniko wa buluu ambalo aliliweka chini ya meza, kivulini, karibu na mguu wake. Alitaka kuzungumza na wananchi kuhusu mbu. Wataalamu, alisema, wanafikiria njia mpya ya kupunguza mbu wa malaria: kuachilia mbu wengine, waliotengenezwa maabara, ili wapunguze hawa wetu. Lakini kwanza wanataka kusikia hofu za watu. Alisema wazi kwamba hakuna mbu atakayeachiliwa sasa, labda baada ya miaka, labda hata kamwe. Hilo alilisema mwanzo kabisa, na mimi nikalitafsiri mwanzo kabisa. Tatizo la jambo la mwanzo ni kwamba watu huwa bado wanatafuta pa kukaa.

Utauliza nani alinipa kazi ya kutafsiri. Mkalimani wa Kikonzo, lugha ya wenyeji, alikuwapo, mwalimu wa shule ya kanisa. Lakini siku ya soko nusu ya watu wanatoka ng'ambo ya mpaka, Kasindi ya Kongo, na wachuuzi wetu Waislamu ni wa kila kabila, kwa hiyo Samsoni, chairmani wa kijiji, alisema lazima pia Kiswahili. Akatazama huku na huku, akaniona mlangoni pa kibanda changu nimeshika waya wa chaji ya mtu, akasema yule Ukasha anasoma kamusi. Ni kweli nasoma kamusi. Unaifahamu, ile niliyookota Kasese mjini, ambayo panya walianza na A wakaishia B, wakaondoka na aibu, bahati na baraka yote. Kuanzia C kuendelea niko sawa na mtu yeyote. Nikapanda juu ya kreti ya bia. Sitakudanganya kwamba sikufurahi.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri kuliko redio. Mzee mmoja aliuliza kama mbu hawa wataleta ukimwi, daktari akasema hapana, na akaeleza kwa nini. Mwingine akauliza, kama ni wazuri hivyo, mbona hawaachiliwi kwanza Kampala kwa wakubwa. Daktari akacheka, akasema swali hilo anaulizwa kila mahali. Mama mmoja akauliza popo watakula nini mbu wakiisha. Hata hilo alilijibu. Afande mmoja wa mpakani akataka kujua kama mbu akiruka kwenda Kongo atapita ofisini kwao au atapita porini kama magendo. Watu walicheka sana, na mimi juu ya kreti nikaona kazi hii nimezaliwa nayo.

Kisha Yudesi akauliza. Yudesi ni yule muuza nyanya jirani yangu, mama wa kanisa, ambaye sauti yake haihitaji spika. Aliuliza: sasa hii mbu yenu inafanya nini hasa? Na daktari akajibu kwa Kiingereza kizuri, polepole, kwamba wao wataachilia dume tu, na dume haumi mtu. Huyo dume akikutana na jike, mayai ya jike hayatoi watoto, na hivyo mbu wanapungua.

Dada, maneno dume na jike ninayo. Yamo katika D na J, panya hawakufika huko. Lakini nilitazama wale watu, nikajua nikisema jike watanitazama kama nasoma khutuba. Wewe unakijua Kiswahili chetu cha mpakani. Kwetu jogoo ni kuku ya mwanaume. Beberu ni mbuzi ya mwanaume. Kwa hiyo nikataka kuwa mtu wa watu. Nikachukua spika nikasema: "Mbu ya mwanaume ikikutana na mwanamke, mwanamke haizai."

Naiandika hapa uione jinsi ilivyo fupi. Kwenye kamusi ingekuwa kosa. Sokoni si kosa, ndivyo tunavyosema. Lakini "ya" yetu ni moja tu, inabeba kila kitu kama kanta ya Hajji, lile lori lake. Mbu ya mwanaume ni mbu dume, na mbu ya mwanaume ni mbu wa mwanaume fulani, kama vile pikipiki ya mwanaume. Na mwanamke ni mwanamke. Na hiyo "haizai" yetu haichagui nani: kuku haizai, muhogo haizai, mutu haizai.

Kisha Yudesi akauliza, tena kwa upole: "Iko mbu ya mwanaume gani?"

Watu wakacheka. Mchuuzi mmoja wa Kasindi akadakia: "Na bamwanamuke ni ba wapi? Ba huku ao ba ngambo?" Wakacheka tena, lakini kile kicheko cha pili hakikuonyesha meno. Daktari, kuona watu wanacheka, naye akacheka, akaniinamia kuniuliza wanasema nini. Nikamwambia wamefurahi.

Hapo bado ningeweza kuokoa kitu. Nilijaribu. Nikapaza sauti nikasema hapana, hapana, namaanisha mbu ya dume, mbu ya dume. Na hapo ndipo nilipojizika kabisa, kwa sababu Dume kwa Kiswahili cha Bwera si neno la mtu yeyote. Walisikia nikisema mbu ya Dume kama unavyosema duka ya Semakula. Nusu saa baadaye Bwana Dume alikuwa mzungu. Jua linazama, ana nyumba Entebbe. Kesho yake asubuhi nilimsikia mteja wangu mmoja akieleza, huku nikimchajia simu, kwamba Dume huyo ana ndevu nyekundu na hana mtoto mwenyewe, ndiyo maana ana wivu.

Uongeze pia kwamba hapa kwetu Kiswahili ni lugha ya jeshi. Kitu ukikisema kwa Kikonzo, watu hukijadili. Ukikisema kwa Kiswahili, wanajua kimekwisha amriwa.

Basi mkutano haukumalizika. Mtu alitupa udongo, mwingine akatupa kitu kigumu kuliko udongo, kioo cha gari kikaingia ufa, na daktari Sylivia akaondolewa na dereva kama mzigo. Viatu vyake vyeupe sikuviona tena. Sanduku lilibaki chini ya meza. Hakuna aliyetaka kuligusa wala aliyetaka kuliacha. Samsoni aliamua lizikwe. Walichimba shimo ukingoni mwa mto Lhubiriha, refu kama la mtu, wakalisukuma kwa miti mirefu huku wamefunga midomo kwa leso, na imamu wetu akasoma, na katekista wa Yudesi akasoma. Ni mara yangu ya kwanza kuona dini mbili zikikubaliana juu ya maiti.

Ningekuwa nimeandika hadithi ya kuchekesha, ningeishia hapo. Lakini maneno yalianza kutembea, na yalitembea kuelekea kwenu wenye mabinti. Kwanza walisema vyandarua ni vya Dume, kwa kuwa vililetwa na watu wa afya, na mama yule naye alikuwa mtu wa afya. Dawa iliyo kwenye nyuzi, walisema, ndiyo inayoita mbu wake. Wanawake wakavishusha. Halafu vidonge vya malaria wanavyopewa wajawazito kliniki navyo vikawa vya Dume. Foleni ya kliniki, ambayo zamani ilifika barabarani, sasa inaenea kwenye benchi moja. Halafu wakasema ni mtaa huu wa soko hasa ulioharibika, kwa sababu sanduku lilifunguka kidogo na mbu wakatoka, kuna aliyeona. Kila mtaa una mtu aliyeona.

Jamira alikuwa amesimama nyuma yangu siku ile. Alikuwa amekuja kunisikiliza.

Katikati ya mwezi wa tisa Hajji Semakula alinitembelea. Alikuja na kilo mbili za sukari, nikajua mambo ni mabaya, kwa sababu Hajji huja na kilo moja. Alikaa, akauliza habari za redio, akauliza habari zako, akamsifu Jamira kwa adabu na kwa ushonaji. Kisha akasema kwamba yeye na mkewe Hajjat Fatumah hawana haraka. Watoto bado wadogo. Wamefikiri ni vema kungoja mwaka mmoja hivi, au miwili, waone kama wasichana wa mtaa huu walioolewa watapata watoto. Alisema mtu hanunui gari lililozama mtoni kabla ya kusikia injini ikiwaka, akaomba radhi kwa mfano huo, akasema yeye ni mtu wa magari.

Nilimweleza. Nilitoa kamusi, nikamfungulia D, nikamwonyesha dume ni nini. Nikamfungulia J. Nilimchorea mbu wawili nyuma ya kalenda. Alitazama yote kwa subira ya mtu aliyekwisha amua. Mwishowe akaniambia kwamba ananiheshimu sana, na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyelisema neno lile, mbele ya watu wote, juu ya kreti, wala hakuna aliyenilazimisha. Kama leo nasema lingine, ni kwa sababu msichana ni wa kwangu, na yeye hanilaumu, hata yeye angefanya hivyo kwa binti yake. Akamalizia kwa kusema, "Ukasha, wewe iko mutu ya ukweli. Ile siku ulikuwa hauna sababu ya kudanganya."

Jibu la hilo, dada? Nimelitafuta kuanzia C mpaka Z.

Nilimpigia daktari Sylivia. Namba yake ilikuwa kwenye bango walilobandika sokoni, kabla mbuzi hajalila. Nilimwomba arudi aseme mwenyewe, hata kwa dakika moja, hata akiwa ndani ya gari. Aliongea nami vizuri sana. Alisema ofisi imekwisha andika kwamba jamii ya Bwera haiko tayari, na kwamba uamuzi wa jamii lazima uheshimiwe. Nikamuuliza kuhusu sanduku lake, akasema nisijali, halikuwa na kitu cha maana. Akanishukuru kwa kutafsiri. Alisema aliona jinsi watu walivyonielewa.

Sasa kaa vizuri, kama ulikuwa umesimama.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi Jamira alikuja kibandani saa ya mchana, wakati hakuna wateja. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaanza kuchezea vitufe vya redio mbovu. Akaniambia kwamba ni mjamzito. Mimba ya Shafic, bila shaka; Shafic alirudi na gari kutoka Butembo wiki moja baada ya mkutano, na nikaha ilikuwa imekaribia, na wao ni vijana, na mimi nashinda kibandani. Nilikuwa nimefungua mdomo nimkemee, kama anavyopaswa mjomba, akanitangulia. Aliniuliza, "Mjomba, si ndiyo ushahidi huu?"

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisahau kuwa mjomba. Niliona kwa macho yangu msichana wa mtaa wa soko, aliyesimama hatua chache kutoka kwa sanduku la Dume, na ana mimba. Nilitaka kumpandisha juu ya kreti.

Alikuwa amekwisha mwambia Shafic, na Shafic, ambaye si mtu mbaya, ila ni gari linaloendeshwa na baba yake, alimwambia Hajji. Hajji akapiga hesabu. Kama mimba ni ya baada ya mkutano, haiwezekani, kwa kuwa msichana aliyeumwa na mbu wale hazai, hilo linajulikana. Kama ni ya kabla ya mkutano, basi Shafic alikuwa Butembo anapakia mbao, mashahidi wapo. Kwa hiyo ama si mimba, ama si ya Shafic. Dada, nimeizunguka hesabu hiyo pande zote kutafuta mlango, sikuuona. Imejengwa vizuri kuliko nyumba yake. Kesho yake Shafic alipelekwa kubeba saruji Hima, akaambiwa alale hukohuko, na simu yake tangu siku hiyo inasema haipatikani.

Jamira hakulia. Hilo lilinitia hofu. Alirudi kwenye cherehani, akaendelea kushona nguo ya mtu mwingine. Nilimwambia aende kliniki apimwe, apewe vile vidonge. Alisema akikaa kwenye lile benchi la kliniki Bwera yote itajua kabla hajaitwa jina, kwa kuwa sasa hukaa watu wachache mno, na hakuna mtu wa kujificha nyuma yake. Nikasema nitampeleka Kasese mjini, ambako hatujulikani. Akasema sawa, wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa na wiki ijayo yake.

Naja kwenye chandarua. Nilikutangazia cheo chake nikacheka, kwa sababu sikujua nianze vipi. Kile ni chandarua cha Jamira. Alikishusha yeye mwenyewe mwezi wa tisa, baada ya Yudesi na wenzake kumwambia kwamba msichana mwenye mchumba hapaswi kulala ndani ya nyuzi za Dume. Nilimkuta amekikunja amekiweka mlangoni. Nilijua kuwa ni upuuzi, hakuna mtu hapa Bwera aliyejua zaidi yangu. Lakini nilikuwa nimechoka kueleza. Nilikuwa nimeeleza kwa Hajji, kwa imamu, kwa wateja, na kila nilipoeleza Dume aliota ndevu zaidi. Kwa hiyo sikusema kitu. Nilikiokota, nikaona ni hasara kikae bure, nikawafunika vifaranga. Na hata aliponiambia ana mimba, sikukitoa kule nyuma ya jiko. Ningekwenda hatua ngapi? Neno ninalolitafuta kwa jambo hilo liko katika kurasa walizokula panya.

Homa ilimshika wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi. Asubuhi alisema ni uchovu, jioni alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Nilimbeba kwa pikipiki mpaka kituo cha afya, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika. Walimpima, ni malaria, nyingi, nesi alisema hajaona nyingi hivyo kwa mtu anayetembea. Walimtundikia dripu. Walifanya kazi yao, sitawasema vibaya. Asubuhi mimba ilikuwa imetoka.

Jamira yuko hai. Hilo ndilo ningeanza nalo kama ningekuwa mtu mwema kuliko nilivyo. Yuko hai, amerudi nyumbani, anakunywa uji, ni mwembamba na macho yake yamekuwa makubwa. Kile kilichotoka kilikuwa kidogo. Nilikifunga katika kipande cha kitambaa cheupe alichokuwa amekikata kwa ajili ya nguo yake, nikakizika kwenye migomba. Imamu sikumwita. Nilisoma mwenyewe ninachokijua.

Nilidhani tutakwepwa. Badala yake walikuja wote. Yudesi alileta uji wa mtama na akafua mashuka kwa mikono yake, bila kunung'unika. Hajjat Fatumah alituma kuku. Walikaa na Jamira, wakamshika mkono, wakamwambia asijilaumu, si kosa lake, ameumwa na mbu wale kama wengine walivyoumwa, na kwamba mimba ya mtu aliyeumwa haikai, huanza tu kisha huporomoka. Nilisimama mlangoni nikawaambia ni malaria, nesi ameiona kwa mashine, mbu wetu wenyewe, wa hapahapa, wa siku zote. Waliitikia kwa vichwa. Yudesi aliniambia kwa huruma kwamba anaelewa, mimi ni mjomba.

Na hiki ndicho kilele cha sifa zangu. Tangu hapo watu wananiamkia barabarani kwa heshima ambayo sikuwa nayo. Wateja wameongezeka. Samsoni amesema mkutano wowote ukija, mkalimani ni mimi. Ukasha aliwaambia mapema, wanasema, na limetokea kwake mwenyewe.

Jamira anauliza kama ni kweli hatazaa tena. Alianza kuuliza kwa mzaha. Sasa haulizi kwa mzaha. Mimi akiniuliza najibu, lakini naona anavyonisikiliza: ananisikiliza kama Hajji alivyotazama wale mbu wa kalenda. Aliposikia lile neno mara ya kwanza lilitoka kwangu kwa spika, na sasa nalipinga kwa sauti ya kawaida. Nadhani angemsikiliza mama yake. Kwa hiyo nakuomba uje. Usilete kitambaa cha busuti. Samaki wa karamu uwauze. Shemeji mwambie binti aliugua malaria, na hutakuwa umesema uongo.

Ukija, panda gari la asubuhi kutoka Kasese, la mchana hujaza magunia. Chandarua nimekiosha nimekirudisha juu ya kitanda chake. Usiku anakikunja tena, taratibu, ili nisisikie. Asubuhi nakitundika.

Nisalimie shemeji Siraje na viboko wake. Nisalimie watoto, mmoja mmoja, na mwambie mdogo kwamba ile redio aliyoniomba inasema, ila stesheni moja tu. Jirani zako wa mwaloni wasalimie kwa ujumla, kwa kuwa nadhani wanasoma na wewe. Mwenyezi Mungu atuwekee subira, maana kitu kingine sioni tutakachowekewa.

Ni mimi mdogo wako,
Ukasha

Nilisahau jambo moja. Mvua za wiki hii zilibomoa ukingo wa mto na lile sanduku likatokeza. Samsoni aliita watu, likafunguliwa kwa mti mrefu. Ndani mlikuwa na soda. Yudesi ameziosha, anaziuza.